Jina la Mzee Juu ya Stelingi

Jumanne, 10 Juni 2025

Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Iringa yote imefunikwa, hata mwamba wa Gangilonga hauonekani. Mimi peke yangu ndiye ninayeona mbali.

Nimepata wazo! Si kama lile la sungura. Wala la uyoga. Hili ni la kweli. Kava la stelingi, la ngozi, la kushonwa kwa mkono. Kila dereva wa lori anayepita hapa kwenda Tunduma anashika stelingi ya baridi. Wote hao ni wateja wangu, ila bado hawajajua. Sare za shule nimezishona miaka, na hakuna mtoto aliyewahi kunishukuru.

Kava la kwanza ni la Mzee Kalinga, baba yake Severina. Severina ni mwalimu wa darasa la pili, na ninampenda mpaka nasahau kula. Leo kaniambia habari mbaya. Jumamosi anakwenda na baba yake Mbeya, kwa baba mkubwa, kwenye kikao cha ukoo. Ajenda ni yeye! Baba mkubwa amemtafutia mchumba, bwana mmoja wa benki, Anyitike, na anamsifu sana. Mimi Mzee ananiita mtu wa kuanza. Anasema hajawahi kuona nimemaliza kitu. Severina kasema nimalize kimoja tu, kimoja, baba akione kabla ya Jumamosi. Kasema polepole, kama anavyowafundisha wale wa darasa la pili kujumlisha.

Kitakuwa kava.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa Mzee. Nimemsalimia kwa Kihehe, kamwene, mara mbili, ili ajue nimelelewa. Nikamwomba ruhusa ya kuivisha Corolla yake. Kaniuliza kama itatembea baadaye. Nimecheka. Yeye hakucheka. Ila kanifungulia mlango wa gari. Ufunguo kaurudisha mfukoni.

Ngozi ikawa shida. Ngozi nzuri niliyokuwa nayo ni moja tu, jaketi langu. Nimelikata. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mgongo. Baridi ya Juni imeniingia mpaka kwenye mbavu, lakini mapenzi ni sweta tosha.

Halafu likanijia jambo la ajabu. Jina! Herufi kubwa, uzi wa njano: KALINGA. Likae juu kabisa, katikati, Mzee akishika stelingi alisome mbele ya macho yake njia nzima. Anyitike ana nini cha kushindana na hilo? Kalamu ya benki?

Habibu, jirani yangu wa duka, anayeuza makava ya plastiki yenye mpira, kachungulia. Kasema ya kwake unavalisha ukiwa bado unaongea na mteja. Nimemwambia ndiyo maana hayana heshima.

Alhamisi, 12 Juni

Siku nzima ndani ya gari. Siku tamu kuliko zote tangu mwaka uanze!

Corolla imeegeshwa mlimani, nje ya geti, kama magari yote ya Gangilonga: matairi yamegeuzwa kuelekea ukingo wa barabara, jiwe nyuma ya tairi. Nimelowesha ngozi kwa maji ya vuguvugu ilainike. Nimeivisha. Jina juu, katikati. Sindano mbili, uzi uliopakwa nta, moja inapita huku, nyingine kule, unavuta. Unavuta. Unavuta.

Ukungu ukazunguka vioo. Nyumba zikapotea, geti likapotea, nikabaki mimi na stelingi. Nikawa nakwenda. Mafinga ile, misonobari imesimama kimya. Makambako, mahindi ya kuchoma. Igawa, mchele kwenye madebe, akina mama wananipungia. Severina pembeni yangu, kitambaa cha bluu, kichwa kimelala begani. Barabara imenyooka, haina mwisho, na mbele milima ya Mbeya inaelea juu ya ukungu. Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu, lakini leo niliendesha vizuri sana.

Habibu kaniharibia safari. Kagonga kioo, akaniambia niangalie matairi kwanza. Matairi! Mimi nashona stelingi, yeye anazungumzia matairi. Wivu huo. Nimepandisha kioo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemaliza! Mimi! Saa tano asubuhi, fundo la mwisho. Hakuna mshono uliopinda. Nimekaa nalitazama nikalia kidogo.

Mzee alikuwa ameenda parokiani. Severina karudi shule mchana, akachukua ufunguo, akaingia ili alirudishe gari uani. Kalitazama jina. Kanitazama mimi. Macho yake jamani! Akawasha, nikatoa jiwe, akanyoosha matairi.

Jina likaondoka.

Lilizunguka likashuka, likaenda kusimama chini, karibu na tumbo lake, herufi miguu juu. Nikamwambia arudishe. Akarudisha, jina likapanda. Matairi yakielekea ukingoni, linasomeka. Gari likielekea Mbeya, Mzee yuko kichwa chini.

Severina hakupiga kelele. Alivuta pumzi, kama anapoona mtoto kaandika saba kinyumenyume. Kasema jua bado lipo, nifumue, nizungushe, nishone upya, na baba akirudi nimweleze nilivyokosea, maana baba anapenda mtu anayesema. Nikamwahidi. Akaingia ndani kusahihisha madaftari.

Ahadi niliitoa kwa moyo wote. Lakini vidole vilikuwa vimevimba. Na nikawaza: kwa nini nizungushe kava, wakati naweza kuzungusha stelingi? Nikamwita Filemoni wa gereji ya bondeni. Akaja na spana, akafungua nati, akaichomoa stelingi nzima, akaigeuza, akaifunga tena. Kazi ya muda wa kunywa chai! Kitufe cha honi sasa kimekaa kichwa chini, lakini nani huangalia honi?

Severina katoka, kaona jina limesimama sawasawa matairi yakiwa yamenyooka. Kanishika mkono. Kasema ona sasa, umeweza. Habari ya Filemoni sikuitaja. Mkono wake una joto.

Jumamosi, 14 Juni

Wameondoka alfajiri. Mzee kapitisha kidole juu ya jina lake. Kasema, "Hee." Kwa Mzee Kalinga hiyo ni hotuba.

Mchana Severina kapiga simu kutoka Igawa. Sauti yake ndogo. Kwenye kona za kushuka Ipogolo gari limepiga honi lenyewe. Kona ya kushoto, honi. Kona ya kushoto, honi. Mzee akadhani amegusa. Karibu na Mafinga wakakuta watu wanabeba jeneza, barabara inapinda kushoto, na honi ikalia kuanzia kwa mtu wa kwanza mpaka wa mwisho. Mzee akasimamisha gari, akavua kofia, akarudi kwa miguu kuwapa pole wafiwa na kuwaomba radhi mmoja mmoja. Makambako watu wakadhani ni harusi, wakawapigia vigelegele.

Igawa wakampata fundi. Kaangalia, kasema stelingi hii imegeuzwa, waya wa honi umejikunja. Akairudisha ilivyotoka kiwandani. Jina likashuka chini. Mzee akauliza nani ameigeuza. Severina akamwambia aniulize mimi akirudi.

Kisha akaniuliza mimi kwa nini nilimwacha anishike mkono. Simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.

Jumapili, 15 Juni

Kikao leo. Sina jaketi, sina usingizi, sina habari. Nimemwona Anyitike akilini mwangu akinyanyua kikombe cha chai kwa vidole viwili. Naogopa. Nimwandikie nani kama si hapa? Nikimkosa Severina, hizo barabara zote nilizoziona kwenye ukungu nitapita na nani?

Jumatatu, 16 Juni

Wamerudi. Mzee kaniita uani. Nikasema yote. Matairi, nati, Filemoni, yote, nimetazama viatu vyake. Mzee akawamwagia kuku maji.

Kisha kasema njia nzima mikono yake haikuhisi baridi. Mshono ni mzuri, hajaona mzuri hivyo. Kuhusu Anyitike, amewaambia kikaoni wasubiri, kuna kijana anampima. Kijana! Mimi! Baba mkubwa hakuridhika, anakuja kwa basi Jumatano anione kwa macho yake. Mzee anatoka saa kumi kumpokea stendi. Kabla ya hapo nifumue kava, nizungushe, nishone, jina likae wima. Hilo tu. Nikilimaliza, nilete mshenga. Nisipolimaliza, Mbeya wapewe jibu la ndiyo.

Severina alikuwa mlangoni, macho yamejaa machozi. Kasema, hilo tu, Rabson. Nimempenda upya.

Jumatano, 18 Juni

Nimeamka na jogoo. Matairi yamenyooka, nimeyakagua mara tatu. Nimefumua kava kwa mkasi mdogo, nikaliweka mapajani. Kulizungusha na kulishona, mpaka saa nane nimemaliza. Muda upo tele.

Ukungu ukashuka tena. Nikakaa kidogo tu, nikaona akilini baba mkubwa anapanda gari. Suti nyeusi. Anaona stelingi ya ngozi, jina la mdogo wake linang'aa. Halafu anakaa. Anakaa kwenye nini? Kiti cha kitambaa, kimefifia, kina doa la mafuta ya taa! Tumtandikie mgeni stelingi ya kifalme na kiti cha namna hiyo? Anyitike angefanya hivyo. Mimi hapana.

Nimechomoa viti vyote. Vitambaa nimevichana ili nipate kipimo. Sponji imetapakaa uani, kuku wameanza kuichokonoa. Ngozi ya kutosha sijaiona bado, lakini ndani kwa Mzee kuna kochi la ngozi. Nitaanza na viti, kava linangoja, lile ni jambo dogo. Naandika haya nimekaa juu ya sponji ya kiti cha dereva, na inaonekana wazi kabisa: bluu bahari, herufi za njano, jina la kila mtu mgongoni pake.

Imegonga saa tisa. Severina ananiita kutoka mlangoni, anauliza kama nimemaliza.

Nimemwambia aniletee mkasi mkubwa.