Kisulisuli Chenye Mate

Jumatatu, tarehe 6
Leo Mama Upepo ametangaza! Mwezi ujao anakwenda nyanda kame kupima visulisuli vikubwa, na atamchukua msaidizi mmoja tu. Wasaidizi tuko wawili: mimi na Miwani. Atakayenasa kisulisuli chenye nguvu zaidi wiki hii, ndiye.

Mama Upepo ni mkuu wa maabara yetu. Sijaona mtu anayeijua hewa kama yule mama. Ardhi ikichemka, alisema, hewa ya moto hupanda ikizunguka, na inavyozidi kubanwa ndivyo inavyozidi kasi. Vumbi ni nguo tu. Vingine hupita uchi, tunapishana navyo bila salamu. Mwili ulinisisimka!

Nimefika nyumbani nikamwambia mke wangu nimeshachaguliwa. Ilinitoka tu.

Jumanne, tarehe 7
Mke wangu kawaambia majirani. Mama mkwe kapiga simu kunipongeza. Balaa.

Kipimo chetu ni kisanduku chenye kijibomba juu. Kisulisuli kikikipitia, mgandamizo wa hewa hushuka ghafla na mchoro kinaouchora hutumbukia shimo. Miwani kaweka chake katikati ya uwanja nyuma ya maabara, kisha kakaa kivulini. Mvivu! Mimi nimekibeba changu, nikavifukuza visulisuli. Kila nikikifikia kimoja, kimeshakufa. Mama Upepo kapita akasema kisulisuli hakifukuzwi, mwanangu, kinangojwa. Nikaitikia ndiyo mama, nikatimua mbio tena.

Miwani: shimo moja, zuri. Mimi: magoti yamechubuka.

Jumatano, tarehe 8
Akili ni nywele! Ardhi nyeusi hushika joto zaidi, Mama Upepo mwenyewe kasema. Nikamwaga unga wa mkaa kuzunguka kisanduku changu. Kisulisuli kikaja kweli, kikazaliwa miguuni pangu! Halafu kikanikwepa, kikabeba mkaa wote, kikapitia kwa Miwani na kumalizikia kwenye koti jeupe la Mama Upepo.

Nikajua kwisha habari yangu. Yeye kajitazama, kacheka, kanishukuru. Mkaa umemwonyesha waziwazi hewa inavyoingilia chini. Mtu mwingine angeona koti chafu. Yeye kaona hewa.

Miwani: mashimo mawili. Namchukia.

Alhamisi, tarehe 9
Mke wangu ananipangia sanduku la safari. Maji yamenifika shingoni.

Mchana nikabaki peke yangu uwanjani. Nikaweka kijibomba mdomoni, nikafyonza kwa nguvu zote. Shimo! Nikapumua, nikafyonza tena ili lizame zaidi. Shimo la kihistoria! Miwani atajua hajui.

Ijumaa, tarehe 10
Jamani, aibu.

Kikao cha asubuhi. Mama Upepo kautundika mchoro wangu ukutani. Kasema katika kazi yake yote hajaona shimo refu kama hili. Nikavimba kichwa. Kisha kaongeza, kwa upole, kwamba kisanduku hupima pia joto na unyevu. Nilisahau! Kisulisuli hiki, kasema, kina joto la mwili wa binadamu, kimelowa mate, na katikati kimesimama kuvuta pumzi. Akaniuliza kama kilikuwa kimepiga mswaki. Miwani kacheka mpaka kavua miwani. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Nikaenda uwanjani kukisafisha kijibomba. Nimekichomoa tu, kisulisuli kikaja. Kikubwa! Mchanga ukanipiga vifundoni kwanza, kisha masikio yakaziba, kisha katikati pakatulia kama chumba kilichofungwa mlango. Nikapiga kelele za furaha. Kisanduku hakikupima chochote.

Mama Upepo kaja mbio peku, ndala kaziacha mlangoni. Hakuuliza habari ya kisanduku. Aliuliza masikio yaliziba kabla ya mchanga au baada. Nikamweleza kila kitu, naye akanisikiliza kana kwamba mimi ndiye profesa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ananionea wivu. Mimi! Machozi yalinitoka, na si ya vumbi. Nadhani ni mara ya kwanza wiki hii kusema kweli, na ilikuwa tamu.

Jumamosi, tarehe 11
Miwani kachaguliwa. Haki yake, ingawa inauma.

Lakini Mama Upepo kaniita faragha. Kasema vipimo havielezi kukoje ndani, na hajapata mtu mwingine mwenye kichwa cha kusimama humo akacheka. Nitakwenda! Nitabeba mizigo, nitachemsha chai, nitasimama kwenye visulisuli na kumsimulia. Sharti ni moja: nisisogeze mdomo karibu na kijibomba chochote. Nimeapa mbele yake. Kwa mtu kama yule ningeapa hata kutokupumua.

Nyumbani nimemwambia mke wangu mimi ni naibu mkuu wa msafara. Majirani wameshajua.

Jioni nimewaza sana. Kosa langu lilikuwa mate tu. Nimepita duka la dawa nikanunua bomba kubwa la sindano. Linafyonza vizuri ajabu, halina joto wala pumzi, na sikuapa chochote kuhusu bomba. Nimelificha ndani ya soksi, chini kabisa ya sanduku.