Ushahidi wa Laptopu Kushindwa Kazi

"Wafanyakazi wote wa Mamlaka ya Visima vya Pembezoni wanatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba laptopu imewasili. Kwa sababu hiyo, ni marufuku kuigusa."

Tangazo hilo lilibandikwa ubaoni, katika ofisi za Mamlaka huko Temeke, mwezi wa kumi mwaka 1996. Liligongwa mihuri miwili, wa bluu na wa zambarau, ili mtu asije akasema hakuelewa. Mamlaka yenyewe iliitwa kwa kifupi MAVIPE, kifupi kilichopitishwa kikaoni bila mjumbe yeyote kukitamka kwa sauti. Ilikuwa na kazi moja tu duniani: kutoa vibali kwa watu waliochimba visima nyumbani kwao, wapate kuvijengea pete za zege kabla kuta hazijaporomoka.

Vibali vilichapwa na Mwanaasha Marijani, mama wa watoto wawili, mkazi wa Mtoni. Alivichapa kwa taipureta iliyong'oka herufi A miaka miwili nyuma. Kwa hiyo kila kibali alikichapa mara moja, kisha akakirudia kwa kalamu akijaza A zote zilizokosekana. Kiswahili nacho, jamani, kina A! Siku akijitahidi sana alimaliza vibali vitatu. Maombi yaliyongoja yalikuwa mia mbili na kumi na nne.

Wafadhili walipoleta laptopu, Mwanaasha ndiye aliyepelekwa kusomea kompyuta kwa wiki tatu. Alirudi na cheti na matumaini. Mwaka ule neno "kupunguzwa" lilikuwa likipita ofisi hadi ofisi, na kila mtu alijua kwamba timu ya kupunguza wafanyakazi ikija, anayekutwa hana kazi mbele yake ndiye anayeaga. Mwanaasha alitaka akutwe nayo.

Lakini Mkurugenzi, Bwana Twaha Mwishehe, alikuwa amehudhuria semina kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach. Huko aliona laptopu ya mkurugenzi mwenzake. Mwenye laptopu alipoiacha kidogo bila kuigusa, samaki wa rangi walijitokeza wakaogelea kwenye kioo. Bwana Twaha hakula chakula cha mchana siku hiyo. Alipouliza samaki wale wanatoka wapi, mtu mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda chooni alimjibu, "Hiyo itakuwa kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta."

Basi iliundwa Kamati ya Kuchunguza Endapo Laptopu ya Kazi Inahitaji Kadi ya Picha ya Peke Yake. Ilikutana kila Alhamisi, na ilitafuna sambusa kwa uadilifu mkubwa. Laptopu ikafungiwa kabatini, taipureta ikapelekwa stoo kama chombo cha kizamani, na uchapaji wa vibali ukasimama.

Kikao cha tatu kiliamua kumwita mtaalamu. Akaja Bwana Husain Abdulrasul, muuza kompyuta kutoka mjini, mtu mpole mwenye miwani. Aliifungua mashine, akaitazama, akaifunga.

"Mzee, nyie mnaifanyia kazi gani hii?" aliuliza.

"Kazi za kitaifa," alijibu Mkurugenzi.

"Yaani?"

"Barua," alisema Mwanaasha, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao. "Na vibali."

"Basi hamhitaji kitu. Kadi ya picha ya peke yake ni ya wachora majengo, watu wa filamu na wenye kucheza michezo. Barua haitaki. Na hii si kompyuta ya mezani, hata ukinunua kadi hakuna pa kuitia."

"Na samaki?"

"Samaki gani?"

Mkurugenzi alieleza kuhusu samaki. Bwana Husain alivua miwani, akaifuta. "Samaki ni programu tu, mzee wangu. Nitakuwekea bure."

Mtaalamu alipoondoka, Mkurugenzi aliegemea kiti. "Muuzaji anayekataa kuuza," alisema, "ni mtu wa kuchunguzwa." Mwanaasha aliandika hivyo hivyo.

Miezi ikapita. Kila Jumatatu alikuwa akija Bi Zubeda, mama wa makamo kutoka Yombo, mwenye kisima cha futi arobaini uani na wajukuu wanaocheza pembeni yake.

"Shikamoo, mama," Mwanaasha alikuwa akimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kibali?"

"Bado, mama. Kuna ishu ya kadi."

"Kadi ya nini? Mie nimeomba kisima, sikuomba harusi." Bi Zubeda alikaa kwenye benchi akajipepea na ncha ya khanga. "Masika hiyo mlangoni. Mvua ikinikuta sijatia pete, kisima kitadondoka. Naomba Mungu kidondoke peke yake, kisidondoke na mtoto."

Siku hiyo Mwanaasha hakula. Aliandika dokezo kwa Mkurugenzi akiomba aruhusiwe kutumia laptopu jinsi ilivyo. Dokezo lilijadiliwa Alhamisi, na mjumbe mmoja, Bwana Jamali wa Utumishi, akatoa hoja nzito.

"Sie tunasema haiwezi kazi bila kadi. Lakini ushahidi hatuna. Wafadhili watatuuliza."

Kamati ikaazimia kwa kauli moja: Mwanaasha apewe laptopu na printa yake kwa wiki mbili, achape kazi za kawaida za ofisi, ili kushindwa kwa mashine kuonekane wazi. Na ili ushahidi usije ukabadilishwa, kila ukurasa utasainiwa na Mkurugenzi na kugongwa muhuri wa Mamlaka.

Mwanaasha alilisoma azimio mara mbili. Kazi ya kawaida ya ofisi ilikuwa moja tu.

Alianza Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Herufi A zilitoka zote, nono, zimepangana kama wanafunzi mstarini. Siku ya kwanza, vibali ishirini na viwili. Siku ya pili, thelathini. Mashine haikugoma, haikukohoa, wala haikuuliza habari za kadi. Ijumaa ya wiki ya pili aliingia kwa Mkurugenzi amekumbatia furushi la karatasi kama mtoto mchanga.

"Ushahidi, bosi."

"Wote huu?" Macho ya Mkurugenzi yaling'aa. "Kumbe imeshindwa vibaya hivi!"

"Soma, bosi, uone mwenyewe."

"Mwanaasha, mie nina miaka kumi na tisa nasaini. Mkurugenzi akianza kusoma, nani atasaini?"

Alisaini hadi mkono ukafa ganzi, akaukung'uta, akaendelea. Muhuri uligonga mara mia mbili na kumi na nne, na moja ya ziada. Siku ya Alhamisi Kamati ililipima furushi kwa mikono, ikaliona zito, na ikathibitisha kwamba laptopu haiwezi kazi.

Mwanaasha alirudishiwa furushi ili alitunze. Alikaa nalo, akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ya tisa ya Mamlaka ilisema kibali kilichosainiwa na kugongwa muhuri kikabidhiwe kwa mwombaji ndani ya siku kumi na nne. Haikusema mkurugenzi awe amekisoma. Akikigawa, huenda akafukuzwa. Asipokigawa, kule Yombo kuna shimo la futi arobaini na watoto pembeni yake.

Jumatatu Bi Zubeda alikuja, akapewa karatasi. Aliishika kwa mikono miwili.

"Hiki chenyewe? Na A zake zote?"

"Zote, mama. Nenda kajenge, usingoje kesho."

Kufikia Jumatano, ofisi ilikuwa imetoa vibali vingi kuliko miezi mitatu ya taipureta, na Mkurugenzi hakuwa na habari.

Mvua zilianza wiki iliyofuata, na timu ya kupunguza wafanyakazi ikaja nazo. Iliongozwa na Bi Margareta, mwanamke mrefu asiyetabasamu bila sababu. Mkurugenzi alimpokea kwa hotuba. Alisema kwa masikitiko kwamba Mamlaka imeshindwa kutoa hata kibali kimoja kwa miezi mitano, kwa kukosa kadi ya picha, na kwamba kama kuna wa kupunguzwa, basi ni karani wa kompyuta, maana hana cha kuchapa.

Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Ajabu," alisema Bi Margareta. "Jana tulipita Yombo. Kila nyumba wanatia pete, na vibali wamevitundika sebuleni. Vina saini yako."

Mkurugenzi alitoa macho. Akikubali, amedanganya. Akisema alisaini bila kusoma, ni aibu. Akachagua njia ya tatu. "Imeghushiwa! Huyu karani aitiwe polisi!"

"Hilo rahisi," alisema Bi Margareta. "Tulinganishe saini." Alitoa karatasi mkobani, akaisukuma mbele yake. "Ninayo hii tu. Soma kwanza, mzee."

"Kusoma nini? Kalamu iko wapi?"

Akasaini kwa madaha, mkia wa herufi ukapaa juu. Mkono wenyewe ukatafuta muhuri, ukagonga.

Bi Margareta aliweka karatasi hiyo kando ya kibali kimoja, akazitazama kwa muda.

"Saini ni ileile," alisema. "Vibali ni halali. Na hii pia ni halali." Akaisoma: "'Mimi niliyetia saini hapa chini naridhia kwa hiari yangu kupunguzwa kazini, kwa manufaa ya umma.'"

Timu iliondoka saa sita na nusu, na fomu yake. Mkurugenzi alibaki amekaa, muhuri bado mkononi. Mwanaasha alidhani angefurahi, lakini alimwonea huruma, akammiminia chai.

"Ulijua, Mwanaasha?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ulijua kwamba ule ushahidi ulikuwa vibali vyenyewe, ukaninyamazia?"

"Sikunyamaza, bosi. Nilikuandikia dokezo la pili, nikakueleza yote. Lilikuwa juu kabisa ya furushi."

"Mbona sikuliona?"

"Ulilisaini."