Malkia Apanda Mlima Kinyumenyume

Jumatano, tarehe 4

Nimenunua gari! Kuukuu, ndiyo. Limenizidi umri. Lakini lina taa za mviringo, viti vya ngozi na usukani mkubwa kama sinia. Nimeliita Malkia. Bei ya kutupa. Muuzaji alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akanitakia kila la heri kana kwamba naenda vitani. Mtu mwema sana.

Mke wangu kalizunguka mara moja. Kisha akauliza kama nakumbuka kwamba Jumamosi mdogo wake anaolewa, na huko ni safari ya siku mbili. Nikamjibu, ndiyo sababu hasa! Kila harusi ya ukoo huu, anayembeba bibi harusi ni shemeji yangu, kaka yake, eti kwa kuwa gari lake ni jipya na lina kiyoyozi. Bwana Kiyoyozi! Safari hii atakula vumbi langu.

Alhamisi, tarehe 5

Ushindi wa kwanza. Mama mkwe alikuwa asafiri na huyo mwanawe. Alfajiri nimemvuta pembeni nikamnong'oneza kwamba kiyoyozi kinakausha mapafu, mtu wa makamo yake anahitaji hewa ya Mungu. Kanitazama weee. Kisha kabeba kikapu chake akaja kukaa kiti cha nyuma cha Malkia. Shemeji kaduwaa, mlango wa gari lake wazi.

Kasoro ndogondogo. Dirisha la mlango wa nyuma halipandi. Mama mkwe kapata hewa ya Mungu pamoja na vumbi lake, mpaka nyusi zimekuwa nyekundu. Tena nikikata kushoto, honi inalia yenyewe. Mjini tumekata kushoto penye msiba. Kona ndefu! Waombolezaji wote wamegeuka. Mama mkwe kawainamia kuwaomba radhi. Kwangu hakusema neno. Nahisi anafurahia.

Mchana shemeji katupita, vioo juu, akanipungia vidole viwili. Viwili tu!

Ijumaa, tarehe 6

Mlima. Malkia kapanda hadi katikati, kakohoa, kazimika. Tukarudi chini, tukajaribu tena. Vilevile. Dereva wa lori la vitunguu kasimama akanishauri nipande kwa rivasi, kwenye magari ya zamani hiyo ndiyo gia yenye nguvu. Mke wangu akasema tumpigie kaka yake simu. Nikasema heri nipande mlima kwa matako.

Basi, nimepanda kwa matako.

Kioo cha kuonea nyuma kilishadondoka zamani, kwa hiyo mama mkwe kapiga magoti kwenye kiti, kageukia dirisha la nyuma, akawa ndiye rubani.

"Kulia, baba. Kulia tena. Sasa kushoto. Taratibu! Huyo ni ng'ombe!"

Honi ikalia. Ng'ombe akapisha.

Kileleni kashuka, kaketi juu ya jiwe, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka. Nikajua nimemuua. Kumbe anacheka! Akasema tangu afiwe na mumewe hakuna anayemwachia kufanya lolote. Kwa mwanawe haruhusiwi hata kugusa kitufe cha dirisha. "Leo nimeendesha mimi," akasema, akajifuta machozi. Nikaona haya kidogo kwa yale ya mapafu. Kidogo.

Kisha gia ikakwama. Malkia hataki kwenda mbele wala nyuma. Fundi wa njiani kafaulu kuirudisha huru ili gari liweze kuvutwa, lakini akasema injini ndiyo basi. Mke wangu, msaliti, alishapiga simu. Shemeji karudi na kamba. Nikamwambia tumesimama kutazama mandhari. Akauliza mandhari gani, na ukungu wote huu?

Akamfungulia mama yake mlango wa gari lenye kiyoyozi. Mama mkwe kakataa. Kabaki na mimi, tunavutwa.

Jumamosi, tarehe 7

Bibi harusi kamwona Malkia, kapiga kelele. Anataka hilohilo! Shemeji akamweleza kwamba haliendi. Bibi harusi akauliza, kwani yeye na kamba yake wana kazi gani?

Basi tukaenda: shemeji mbele akivuta, uso kama ndimu, mimi kwenye usukani, nyuma bibi harusi na mama yake. Raha iliyoje! Kwenye mteremko wa ukumbini, kamba ikakatika.

Breki za Malkia zinahitaji muda wa kutafakari. Nikamkwepa shemeji. Nikampita! Kwa mara ya kwanza maishani nimempita, nikampungia vidole viwili. Tukapita wageni, tukapita wapiga ngoma, tukaingia turubai la wapishi na kutoka nalo. Malkia katulia kwenye ua wa minyaa. Hakuna aliyeumia. Milango ikagoma, bibi harusi katolewa dirishani, anacheka hadi wanja umemchuruzika. Mama mkwe kagoma kutoka. Anataka turudie.

Jumapili, tarehe 8

Mke wangu hasemi nami. Wapishi wanasema nami mno. Malkia kabaki palepale. Kuku watatu wamehamia. Tunarudi kwa basi.

Nimemwapia mke wangu: gari kuukuu, kamwe tena! Nimekoma, nimekomaa.

Ila nyuma ya nyumba ya bwana harusi kuna gari la zimamoto. Halina injini kwa sasa. Baba yake yuko tayari kuliachia bure, hata leo. Na mwakani binamu wa mke wangu anaolewa.

Lina ngazi. Shemeji hana ngazi.