Muuguzi Aliyeniokoa Akiwa Mapumzikoni

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo linaloniudhi.

Naitwa Abilahi Nambunga, mkazi wa Kiswere. Majuzi, kwenye arobaini ya shangazi yangu, finyango la nyama lilinikwama kooni. Nikatoa macho, nikapigapiga mkeka. Watu wakacheka. Kwetu arobaini hainogi bila watani, na ukoo wangu na ule wa muuguzi Fortunata ni watani tangu enzi za mababu. Muda huohuo alikuwa akiwanawisha wageni wengine mikono huku akiigiza nilivyolia kiuongo siku ya mazishi. Kila mtu alidhani namjibu.

Fortunata hakucheka. Alinijia kwa nyuma, akanikumbatia, akanibana kwa ngumi juu ya kitovu. Mara ya tatu nyama ikaruka, ikatua kwenye sinia la mashehe. Nikapumua. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, amevaa khanga, hana hata kipimajoto. Aliniokoa kwa idhini ya nani? Sikusaini popote.

2. Ubavu wangu mmoja umepata ufa. Nikicheka unauma. Watani wamelijua hilo, basi wanakuja nyumbani makusudi.

3. Alinikumbatia mbele ya mke wangu, Zuwena. Zuwena hana neno, anamwombea dua kila swala. Mwenye neno ni mimi.

4. Kazi ya mtani ni kusubiri nife, avae suruali yangu, azunguke nayo msibani watu wacheke. Mtani akishakuokoa, utamtania kwa lipi tena? Ameuvuruga utani wa mababu kwa dakika moja!

Kwa hiyo naomba wabunge watunge sheria: muuguzi akimaliza zamu, mikono aiache zahanati. Fortunata mwenyewe nimeshamwambia kuwa nitamshitaki. Alinijibu taratibu, "Sawa, mtani. Nje ya zamu simgusi mtu tena mpaka sheria inilinde."

Nisalimie wote hapo ofisini, hadi anayewachemshia chai.

Ni mimi, mwenye ubavu mbovu,
Abilahi Nambunga

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mjukuu wangu Sada, wa miaka mitatu, alikabwa na kipande cha muhogo. Nilimbeba mbio hadi kwa Fortunata, nikamkuta anasukwa nywele. Hakuuliza sheria. Alimwinamisha mtoto, akampiga mgongoni, muhogo ukatoka. Kisha alikaa chini akalia, akasema anaogopa kesi yangu. Niliona haya, Mhariri, haya ya kweli.

Wazee nao wamenikumbusha kuwa mtani hashitakiwi, afanye lolote. Basi futa namba zote nne. Sheria naitaka bado, ila iwe hivi: anayeokoa mtu nje ya zamu asiguswe. Na mpaka wabunge waipitishe, tafadhali tangaza gazetini kwamba madaktari na wauguzi wote wa nchi hii ni watani zetu.