Gari Lisiloonwa na Rada

Jumatatu, 3 Machi
Rada tena! Kona ile ile ya daraja, askari yule yule, na kimashine chake juu ya miguu mitatu. Eti nilikuwa mbio. Sasa mikate ya moto ifike imepoa? Kaniambia kosa moja zaidi na leseni inakwenda. Bosi wa tanuri naye hakukawia: leseni ikienda, gari la mikate anapewa shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, anayesambaza mikate kwa baiskeli na kupiga kengele hata barabara ikiwa tupu. Nife kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma makala kuhusu ndege za kivita. Kumbe zinaikwepa rada kwa mambo mawili tu. Kwanza umbo: pande bapa zilizoinama, mawimbi yakigonga yarukie kando, yasimrudie mwenye mashine. Pili vazi: kitu chenye kaboni, kinachoyameza mawimbi. Na kaboni ni nini kama si mkaa? Nikacheka peke yangu jikoni. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia sayansi. Akashusha pumzi, akaendelea kumenya vitunguu.

Jumatano, 5 Machi
Fundi bati ana mdomo huyo! Nimempa mchoro, kauliza kama ni gari au banda la kuku. Nimemlipa tu, mwenye shida ni mimi. Kapigilia mabati mbele, nyuma na ubavuni, yote yamelala kwa pembe. Milango haifunguki tena. Kwani dirisha lina kazi gani? Imebaki sponji ya kuloweka kwenye mkaa na gundi. Mama mkwe yuko kwetu wiki hii. Godoro lake ni nene.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumba haikaliki. Mama mkwe karudi kutoka kwa jirani, kakuta kitanda kitupu. Kasema hakumlea binti yake mpaka akamwoza ili yeye aje kulazwa juu ya mbao. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba, mama, godoro lako linaokoa kazi ya mkweo. Akatazama dari, akaanza kuniombea kwa sauti. Mke wangu hasemi nami. Shemeji kaja kumletea mama yake mkeka, kalizunguka gari mara mbili, kisha kauliza mbele ni wapi. Mwenye wivu ajinyonge!

Ijumaa, 7 Machi
Nimeingia kwa dirisha, mguu ukakwama. Gari limekuwa zito ajabu. Mlimani nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, likatambaa tu. Shemeji kanipita kwa baiskeli. Na kengele kapiga! Darajani askari akainuka kitini, akanisimamisha. Nikamuuliza kwa hasira: rada imeniona? Akasema rada iko kwa fundi tangu jana, pale pana boksi tupu. Aliyeniona ni yeye, kwa macho yake, pamoja na soko zima. Eti namba imefunikwa, taa zimefunikwa, dereva hana mlango. Kwa macho! Huo ni uungwana? Leseni kaichukua. Mikate nayo imejaa masizi, wateja wameikataa yote. Nimekaa pembeni mwa daraja, nikalia kama mtoto. Gari lile nimeliendesha tangu sina ndevu.

Jumamosi, 8 Machi
Bosi kampa shemeji funguo mbele ya macho yangu. Mimi nimepewa baiskeli. Pamoja na kengele. Mke wangu kanimiminia chai, hatimaye kasema nami: niachane na rada, nishukuru kazi bado ninayo. Nimeitikia. Ana moyo mzuri, ila sayansi hajui.

Jumanne, 11 Machi
Rada imerudi kutoka kwa fundi. Vizuri! Baiskeli nimeipaka mkaa na gundi, kuanzia magurudumu hadi tandiko, na bati moja la pembe nimelifunga mbele ya usukani. Kutwa nzima nimepita darajani, mbele ya mashine inayofanya kazi. Haijaninasa hata mara moja! Askari kabaki kunipungia mkono, hana la kufanya. Nani atabisha sasa? Kesho naupeleka ushahidi huu kwa bosi, anirudishie gari langu. Safari hii nalivika mpaka paa.

Mama mkwe kanunuliwa godoro jipya jioni hii. Nimelibonyeza. Ni nene kuliko la kwanza.