Ombi la Kuachiwa Mtaa Mmoja Usiopimwa Presha

Kwa Daktari Kiongozi,
Mpango wa Kuzuia Vurugu Mitaani.

Daktari Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye kazi. Mimi kazi sina. Ni muuguzi wa chumba cha kushonea majeraha hapa zahanati, mwaka wa ishirini na mbili huu, na kwa heshima zote nalalamika kwamba mpango wako umeniharibia chumba.

1. Zamani Jumamosi moja ya mpira ilinipa majeruhi kumi na mmoja. Jumamosi iliyopita nilipata mmoja, naye alijikata akifungua kopo la maharage. Nilimpokea kwa furaha mpaka akaniogopa.

2. Ile kanuni yako, kwamba anayetaka kupigana akalishwe chini kwanza na wahamasishaji wako, apimwe presha mara tatu, na kabla ya kila kipimo apumzike dakika kumi, inavunja watu moyo. Kinyozi na muuza mkaa waliletwa wamekunjana mashati. Kufika kipimo cha pili walikuwa wanalinganisha namba. Siku hizi wanakumbushana kupunguza chumvi, wanaume wazima na ndevu zao.

3. Chumba kimegeuzwa stoo ya mifagio. Wanafunzi wa uuguzi nawafundisha kushona kwenye godoro, na godoro halitukani, kwa hiyo hawajifunzi kuvumilia.

4. Mikono inasahau. Na ilikuwa mikono, Daktari. Mwaka juzi nilimshona mdogo wangu wa kuzaliwa, fundi bomba, nyuzi kumi na nne toka sikioni hadi kidevuni, baada ya yeye na jirani yake kule nyuma ya soko kugombania ukuta wa mpaka. Kovu limenyooka kama mstari wa daftari. Kila mtu analisifu, isipokuwa mama yetu, ambaye hajaliangalia mpaka leo.

5. Kwa hiyo naomba uniachie mtaa mmoja tu, huo huo wa nyuma ya soko. Watu wake wana kipaji, ukuta bado una mgogoro, na kwa machela ni dakika sita. Mingine yote chukua. Mambo yakienda vizuri, mwakani nitaomba wa pili.

Nisalimie wahamasishaji wote, mmoja mmoja. Yule mbeba mashine ya presha mwambie simchukii.

Wako mtiifu,
Muuguzi, Chumba cha Kushonea (sasa stoo)

Tanbihi: Futa namba tano. Nikiwa natafuta bahasha, mdogo wangu amepita hapa na nondo mkononi, eti kuniaga, maana leo ukuta unaisha. Nimemkalisha katikati ya mifagio nikamvisha mkanda wa presha. Kila akitaka kuinuka namwambia mashine haijasoma. Hii ni mara ya saba, na imesoma tangu ya kwanza. Mfagiaji anakuletea barua hii mbio. Watume wahamasishaji wako warudi na huyo mfagiaji sasa hivi. Siwezi kumshona tena, Daktari. Mwaka juzi kuanzia uzi wa tano nilikuwa sioni kwa machozi. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili unapampu.