Mkurugenzi Analikatia Kanisa Bima

Mkurugenzi alitangaza mbele ya kanisa zima kwamba mambo ya bima anayajua kama vidole vyake mwenyewe. Naye vidole alikuwa navyo tisa! Cha kumi kilibaki kwenye mashine ya kukatia karatasi, siku alipokuwa akimwonyesha mteja jinsi ya kuitumia kwa usalama.

Jina la Mkurugenzi alijipa mwenyewe. Alikuwa na kibanda cha kutoa fotokopi, chenye mashine moja iliyotafuna karatasi mbili kwa kila moja iliyoitema, na juu ya mlango ameandika OFISI KUU. Matawi hakuna. Wafanyakazi hakuna. Lakini kadi za kazi alijichapia mia tano, na hata aliyemwuliza saa ngapi alipewa moja.

Basi siku hiyo ilikuwa imekuja barua kutoka makao makuu ya kanisa. Tawi moja limeezuliwa paa na upepo, bati likamjeruhi mpita njia, na sasa wazee wa tawi hilo wanashinda mahakamani badala ya ibadani. Kwa hiyo kila tawi likate bima, tena haraka. Mchungaji akauliza nani atalifuatilia jambo hilo.

Seremala akakohoa. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, aliyetengeneza nusu ya mabenchi ya kanisa bila kudai shukrani.

"Mtumishi, mimi naona tuanze na nyaya," akasema. "Zile za ukutani si nzuri. Tukishazirekebisha ndipo tumwite mtu wa bima."

"Seremala, rudi kwenye mbao zako!" Mkurugenzi akaruka. "Bima ni taaluma! Haipigwi randa! Mtumishi, niachie mimi."

Msidhani aliruka kwa mapenzi ya bima. Wiki tatu mbele kanisa lilikuwa lichague mwenyekiti mpya wa kamati ya majengo, na majina yaliyokuwa midomoni mwa watu ni mawili tu: Seremala na Mkurugenzi. Mkurugenzi aliutaka uenyekiti huo mpaka chakula kikawa hakipandi wala hakishuki. Tangu azaliwe hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata nyumbani kwake, ambako mkewe ndiye aliyefungua vikao, akaviendesha, na akavifunga kwa sala. Akileta bima, kiti ni chake. Asipoileta, kitakaliwa na mtu mwenye vumbi la mbao kichwani!

Mchungaji akampa kazi. Jioni, akiwa anakunja nguo, mkewe akamwuliza:

"Baba nanii, bima unaijua wewe?"

"Mke wangu, bima ndiyo inayonijua mimi!"

"Basi Mungu aisaidie," akasema mkewe, akaendelea kukunja nguo.

Dada wa bima alifika Ofisi Kuu na mkoba mweusi na fomu ya kurasa nane. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Aliketi kwenye stuli ya wateja, akaeleza polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mzee, kuna bima ya jengo na vifaa, yaani moto, upepo, wizi. Kuna ya watu wanaoumia ndani ya eneo lenu, wawe waumini wawe wapita njia. Na kuna ya wanaofanya kazi za kanisa, hata wa kujitolea, mtu akianguka kwenye ngazi akifunga taa. Si lazima mchukue zote. Tunaangalia kwanza hatari zenu ni zipi."

"Tupe ile kubwa."

"Kubwa ipi?"

"Ile wanayochukua wakubwa. Halafu kuna nyongeza. Muumini akihamia kanisa la jirani, mnatulipa?"

"Akihama na kinanda, huo ni wizi, tunalipa. Akihama peke yake, huo ni uamuzi wake."

"Na mahubiri yakirefuka mpaka watu wakaanguka?"

"Wakianguka wakaumia, tunalipa. Wakisinzia, hatulipi."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba alitarajia makubwa zaidi kutoka kwa kampuni hiyo. Dada wa bima akafungua fomu.

"Kwa miaka mitano iliyopita, imewahi kutokea ajali yoyote kanisani?"

"Ajali? Humo ndani hata mbu hajawahi kuteguka!"

"Niandike hakuna?"

"Andika hakuna, kwa wino mzito."

"Nyaya za umeme aliziweka nani?"

Hapo Mkurugenzi akaanza kupanga upya kadi zake za kazi. Nyaya aliziweka yeye. Ujuzi wake wote wa umeme ulitokana na kubadilisha betri za redio, na hata hizo mara nyingine alizigeuza.

"Mhandisi," akasema. "Wa kiwango cha kimataifa."

"Ana leseni?"

"Anazo nyingi mpaka zinamsumbua."

Dada akaandika, kisha akafunga kalamu. "Sawa. Nitakuja kukagua Jumanne, saa nne asubuhi. Ila nikwambie mapema, mzee. Kilichoandikwa hapa kikigundulika si kweli, siku ya hasara hamtapata hata senti."

"Dada yangu, mimi na uongo hatujawahi kukutana!"

Jumamosi nzima Mkurugenzi alikuwa kanisani akipamba. Ukutani nyuma ya amplifaya palikuwa na doa jeusi la moto, akalifunika kwa kalenda. Kwenye dari palikuwa na tundu, akaning'iniza kitambaa kilichoandikwa KARIBUNI WOTE, ingawa mtu angekaribia tundu lile kwa kupanda juu ya mwenzake. Benchi bovu akalisukuma nyuma kabisa na kulibandikia karatasi: WAGENI WA HESHIMA TU. Akasimama mlangoni, akaiangalia kazi yake, akaona ni njema. Jumanne ije hata sasa hivi!

Haikuja Jumanne. Ilikuja Jumapili, na dada wa bima akaja nayo, mkoba kwapani, katikati ya wimbo wa pili. Alipoona karatasi ya wageni wa heshima, akalikalia benchi lile. Likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akanyanyuka taratibu, akasogea benchi la mbele yake.

Mkurugenzi alimfikia akihema. "Dada! Leo si Jumanne!"

"Najua, mzee. Jengo tupu halisemi kitu. Nimetaka kuliona likiwa na watu wake."

Sasa katika kanisa lile kulikuwa na kipindi cha ushuhuda. Kwa kawaida watu walisimama kueleza mtoto alivyofaulu au homa ilivyopona. Lakini Mchungaji alikuwa mtu mkarimu, na mgeni kwake ni mgeni.

"Wapendwa," akasema, "leo tunaye dada yetu wa bima. Anataka kujua kama mahali hapa pana usalama. Nani ana ushuhuda wa jinsi Mungu anavyotulinda humu ndani?"

Lo! Ikanyanyuka mikono utadhani panagawiwa viwanja!

Wa kwanza alikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya. "Bwana asifiwe! Ile maiki ilinipiga shoti mara tatu mwezi uliopita. Mara ya tatu nikaanguka chali. Ninyi mkashangilia mkasema ni upako. Haukuwa upako, wapendwa, ulikuwa umeme! Lakini niko hai!"

"Haleluya!" kanisa likaitikia.

Dada wa bima akatoa kalamu.

"Anasema kiroho," Mkurugenzi akamnong'oneza. "Ni shoti ya kiroho hiyo."

"Uliungua?" dada akauliza kwa sauti.

"Vidole viwili!" mwimbaji akajibu kwa furaha, akavionyesha.

Akasimama mama mmoja na mwanawe mgongoni. "Kipande cha dari kilianguka kwenye kiti cha mwanangu mkubwa. Kiti kikapasuka vipande viwili! Mwanangu yuko wapi? Ametoka kukojoa! Mungu alimpa haja ndogo kwa wakati wake!"

"Amina!"

Jasho likaanza kumteremka Mkurugenzi mpaka kwenye soksi. "Kwaya!" akapiga kelele. "Kwaya iimbe! Imbeni!"

Kwaya ikasimama. Ikatazama maiki. Ikaketi.

Ndipo akanyanyuka Bibi wa benchi la mbele, ambaye hakuna aliyewahi kumkatiza, hata Mchungaji. "Mimi nataka kusema habari za ule moto."

Mkurugenzi akafumba macho.

"Amplifaya ilishika moto, pazia likaanza kuwaka. Nikasema, leo ndiyo naenda kwa Baba, na mlango wangu nimeuacha wazi. Nani alituokoa? Mungu alimtumia Seremala! Alikimbia akazima swichi kuu, na moto ukafa. Seremala, Mungu akubariki!"

Kanisa likalipuka kwa makofi. Sauti ikatoka nyuma: "Mwenyekiti wetu huyo!" Watu wakageuka kumtazama Seremala, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Busara ilimvuta Mkurugenzi shati ikamwambia, kaa. Naye alikuwa tayari kukaa, nawaapieni! Angenyamaza dakika tano tu, labda angepata la kumwambia dada wa bima. Lakini ule unyenyekevu wa Seremala ulimchoma kuliko sindano. Wivu ukampanda, uenyekiti aliuona unatoka mlangoni na kuaga. Akasimama.

"Si kweli!" akanguruma. "Moto ule niliuzima mimi! Kwa koti hili hili!" Akageuka, na mgongoni kwa koti pakaonekana tundu la kuungua, kubwa kama sahani. "Seremala kagusa swichi tu! Swichi hata mtoto anagusa! Mimi nilipigana! Na kwa nini nilijua moto unapita wapi? Kwa sababu nyaya zote hizi nimeziweka mimi! Peke yangu! Bila leseni, bila mwalimu, bila hata kuzima umeme!"

"Amina?" mtu mmoja akajaribu.

"Mnakumbuka fyuzi zilivyokuwa zikiungua kila ibada, tukawa gizani? Nani alizitoa akaweka msumari? Mimi! Na tangu niweke msumari, umeme umewahi kukatika?"

"Haujawahi!" kanisa likaitikia.

"Hata siku ile ya moto, ulikatika wenyewe?"

"Haukukatika!"

Mkurugenzi akanyanyua mikono juu kama bondia aliyeshinda. Makofi yakaanza, yakapungua moja moja, yakaisha. Kanisani ikabaki sauti ya karatasi inayogeuzwa.

"Msumari wa inchi ngapi, mzee?" dada wa bima akauliza.

"Nne," akajibu Mkurugenzi, na sauti yake yenyewe haikufika inchi moja.

Baada ya ibada dada alifungua kisanduku cha umeme, Seremala akimshikia tochi. Aliutazama ule msumari, akawatazama waumini. "Mko hai," akasema. "Basi kweli mnalindwa."

Jumapili ya uchaguzi akarudi na barua. Mkurugenzi alikaa mbele kabisa, koti limetiwa kiraka. Kwani barua si imekuja? Bima si yeye aliyeianzisha? Huenda watu wangelikumbuka hilo.

Mchungaji akaifungua akaisoma mbele ya wote. Kampuni imekubali kulikatia kanisa bima zote tatu. Makofi! Mkurugenzi akasimama nusu, akainamia kushoto na kulia.

"Kwa masharti," Mchungaji akaendelea. "Kwanza, nyaya zote ziondolewe, ziwekwe mpya na fundi umeme mwenye leseni. Pili, dari na mabenchi yatengenezwe, na Seremala asimamie. Tatu..." Hapo akasita, akavua miwani, akaivaa tena. Lakini mtu akishaanza kusoma mbele ya waumini haachi katikati. "Tatu, kampuni haitalipa hasara yoyote itakayotokana na kitu chochote kilichotengenezwa, kilichorekebishwa au kilichoguswa na ndugu anayejulikana kwa jina la Mkurugenzi."

Kisha, kwa mazoea tu, Mchungaji akamalizia: "Hilo ndilo neno."

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

Mkurugenzi hakukubali kufa kiume tu, alitaka kufa kimkurugenzi. "Mnaona?" akasema, akijaribu kucheka. "Katika kanisa zima, ni mimi peke yangu niliyeandikiwa kipengele changu!"

Mchungaji akaomba wanaomtaka Seremala awe mwenyekiti wanyooshe mikono. Ikanyooka mikono mbele, nyuma na mpaka kwenye kwaya. Mkurugenzi akageuka kutafuta japo mmoja ulioshuka, na ubavuni pake akauona mkono wa mkewe, umenyooka wima. Ulimuuma huo kuliko mingine yote.

Mikono ikahesabiwa, ikashushwa. Wa mkewe ukabaki juu.

"Mama, tumeshakuhesabu," akasema Mchungaji.

"Najua, mtumishi. Nina swali kwa dada wa bima." Mkewe akasimama, akajiweka sawa kitambaa cha kichwani. "Dada, hicho kipengele cha tatu, hamuuzi peke yake? Nakitaka cha nyumbani."